Mchanga Ndani ya Oili

Baba alichovya kidole kwenye oili iliyomwagwa karaini, akakisugua kwa kidole gumba taratibu kama mtu anayepima unga sokoni, kisha akaninyooshea mkono. "Shika hapa. Unasikia nini?" Nikasikia chembechembe, ndogo na ngumu, zinakwaruza. "Mchanga," akasema. Akanyamaza kidogo. "Huyu mtoto ametuhujumu."

Ilikuwa Septemba 1988, kijiji kimoja cha Usangu, huku kwetu Mbeya kwenye mpunga. Nilikuwa na miaka 12. Mashine ya kukoboa ya baba ilikuwa imenoki asubuhi hiyo, gunia la mama mmoja likiwa nusu ndani ya mashine na nusu nje. Ilitoa mlio mmoja ambao sijausikia tena, kama chuma kinachokabwa koo, halafu gurudumu kubwa likasimama na kijiji kizima kikawa kimya. Mlio wa mashine ile ndio uliokuwa saa yetu. Ukikoma, watu hutoka nje kuuliza kulikoni.

"Huyu mtoto" alikuwa kijana wa miaka kama 19 aliyekuwa akiiendesha. Jina lake silitaji. Sisi wadogo tulimwita Kaka, kwa sababu alikula nyumbani kwetu na kulala kwenye stoo ya mashine, juu ya magunia matupu, miaka miwili. Alikuwa hajalipwa miezi mitatu. Baba alikuwa anakusanya fedha za bati za nyumba, na kila Kaka alipouliza aliambiwa asubiri. Jumamosi ile, mbele ya wateja, alikuwa amesema neno moja: "Mzee, na mashine hii nayo itachoka, kama nilivyochoka mimi." Jumatatu mashine ikafa. Kwa watu waliosikia, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Ili mwelewe kwa nini baba aliamini upesi hivyo, lazima niwaambie alikotoka.

Baba alijifunzia chuma kwenye ujenzi wa TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Alianza kama kibarua wa kubeba kokoto, akaishia kushika spana chini ya fundi wa Kichina ambaye hakujua Kiswahili cha zaidi ya maneno 20, lakini alijua kufundisha kwa mikono. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1970, na treni zikaweza kupita hadi Kapiri Mposhi mwaka 1975: kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ambacho wazee waliokijenga wanakizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia vita. Baba alikizungumzia hivyo. Kila treni iliyopita Usangu usiku, yeye alikuwa macho akiisikiliza mpaka mlio wake uishie upande wa Chimala.

Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia, nchi ya walowezi ambayo leo ni Zimbabwe, waliingia Zambia na kulipua daraja la reli hiyo juu ya Mto Chambeshi. Shabaha yao ilijulikana. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, na TAZARA ilikuwa njia yake ya kupeleka shaba baharini bila kupita kusini kwenye reli zinazoshikwa na makaburu na walowezi. Vunja daraja, na Zambia inabaki kutegemea njia ya kusini kwa mbolea na mahindi. Wakati huohuo mazungumzo ya kumaliza vita yalikuwa yanaendelea London, kwenye jumba la Lancaster. Anayelipua daraja katika siku kama hizo anaongea na watu walioko mezani, na anaongea kwa baruti.

Habari hiyo baba aliisikia redioni. Mama anasema alikaa kimya siku nzima, na jioni alisema tu, "Mikono yetu ile." Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki. Ila nimekua nikijua kwamba kwa baba, daraja lililovunjwa lilikuwa na majina ya watu ndani yake.

Halafu ukaja mwaka 1983. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi, na neno lililokuwa la magazetini likaingia kila jiko. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na redio inasema wapo watu walioficha. Watu walitupa bidhaa usiku maporini na mitoni wasikutwe nazo. Ilitungwa sheria maalumu mwaka huohuo, yenye mahakama yake, ambamo mtuhumiwa hakuruhusiwa wakili wala rufaa katika mahakama za kawaida. Mwaka uliofuata ilibadilishwa kwa sheria nyingine, hii tunayoijua mpaka leo kama ya uhujumu uchumi, iliyorudisha mashauri hayo Mahakama Kuu. Sokoine mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na baba alimlilia kama ndugu. Namheshimu Sokoine. Lakini nadhani miaka ile ilitufundisha kitu kibaya kimoja pamoja na vizuri vyake: kwamba kitu kikikosekana au kikiharibika, kwanza mtafute mtu.

Hujuma, kwa asili yake ya Kiarabu, ni shambulio. Ni neno la vita. Ukilitamka, tayari umeshasema kuna adui, na adui hahojiwi kwanza.

Wenzetu wa Ulaya neno lao lilitoka kwingine. Kwa Wafaransa, kitenzi wanachotumia, saboter, kilitokana na sabot, kiatu cha mti, kile walichovaa maskini, na kilimaanisha kufanya kazi ovyo, kizitozito, kama mtu anayetembea na viatu hivyo. Mwaka 1897, kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi mjini Toulouse, Émile Pouget na wenzake waliipitisha hoja hiyo kuwa silaha ya mfanyakazi: malipo mabovu, kazi mbovu. Hadithi ya kwamba wafanyakazi walitupa viatu ndani ya mashine inapendeza masikioni, lakini jambo lenyewe lilianza na mwendo wa polepole. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, nilimwona Kaka na miezi yake mitatu.

Kabla ya hao walikuwepo Waingereza wa Nottinghamshire, mwaka 1811 na kuendelea, waliovunja mashine za kufuma soksi na kutia sahihi barua zao kwa jina la Ned Ludd. Watu wengi wanawasimulia kama wajinga walioogopa maendeleo. Si kweli. Katika warsha moja walikuwa wanavunja mashine za mwajiri aliyeshusha ujira au aliyetengeneza bidhaa hafifu, na za jirani yake aliyelipa vizuri wanaziacha zimesimama. Walikuwa wanachagua. Bunge likajibu mwaka 1812 kwa sheria ya kunyonga mvunja mashine, ingawa mshairi Byron alisimama katika Baraza la Malodi akaipinga, akaeleza njaa aliyoiona kwa watu hao. Januari 1813, mjini York, walinyongwa watu 17. Si wote kwa kosa la kuvunja mashine, wengine kwa mauaji na uporaji, lakini wote katika dhoruba ileile. Nchi iliweka uhai wa mtu na chombo cha kufumia soksi kwenye mizani moja.

Sisi hatukufika huko. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 326, inasema anayeharibu mali kwa makusudi na isivyo halali anaweza kufungwa miaka saba, na yapo makosa mazito zaidi, kama kuchoma nyumba moto, ambayo adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Neno linalobeba kifungu hicho ni makusudi. Mwendesha mashtaka hamalizi kazi kwa kuonyesha injini iliyokufa. Lazima aonyeshe mkono wa nani, na moyo wa mkono huo ulitaka nini, pasipo kuacha shaka ya msingi. Ndiyo maana kesi hizi ni ngumu, na ndiyo maana nazipenda zikiendeshwa kwa subira. Chuma kitakwambia kimekufaje. Hakikwambii aliyekuwa karibu nacho aliwaza nini.

Sisemi hujuma haipo. Anayekwenda usiku kufungua transfoma na kukinga mafuta yake kwenye dumu, anajua anachofanya. Mafuta yale hupooza transfoma na kuzuia umeme usiruke mahali usipotakiwa. Yakitoka, inaungua, na zahanati inakosa friji ya chanjo kwa ajili ya fedha ya siku mbili tatu. Anayeng'oa vyuma vya reli na kuviuza kwenye vyuma chakavu anajua treni itapita. Watu hao wananikasirisha kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini hasira hiyo ndiyo hasa inayotakiwa kutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kuimwagia mtu aliye karibu na asiye na wa kumtetea.

Mgambo walimchukua Kaka saa nane mchana. Alikuwa bado na pumba nyweleni. Hakukimbia, hakubisha, alimtazama baba akasema, "Mzee, niliwaambia kuhusu mpira." Baba akamjibu asimletee maneno. Wakampeleka kituoni, na huko alikaa ndani siku 11.

Nami nilijua ni mpira gani.

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia wiki mbili kabla, nikila mchele mbichi, Kaka alipomwonyesha baba bomba la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini. Lilikuwa limepasuka upande wa chini. Alikuwa amelifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Akasema hii haitoshi, twende Mwanjelwa tukanunue jingine. Baba akasema mwisho wa mwezi. Ilikuwa mara ya tatu kumsikia Kaka akiuliza. Nilijua hayo yote nilipokuwa nimeshika ile oili yenye chembechembe, na sikusema. Nilikuwa mtoto, na baba alikuwa na hasira, na kwetu mtoto hamsahihishi mzazi mbele ya watu. Ningeweza kumwambia mama usiku. Hata mama sikumwambia.

Fundi alikuja siku ya tisa kutoka Mbeya mjini, mzee mwembamba aliyeongea kidogo, na mkoba wa ngozi uliokuwa na spana zilizopangwa kwa ukubwa. Baba alimweleza habari ya mchanga kabla hajakaa. Fundi akasema, "Nifungue kwanza." Alifungua asubuhi mpaka jioni, akikipanga kila kipande juu ya turubai kwa mpangilio, na mimi nikimshikia bakuli la mafuta ya taa ya kuoshea.

Nimekuja kuelewa baadaye alichokuwa anakisoma, kwa sababu nimefanya kazi hiyohiyo miaka 20 sasa. Mtu akitia mchanga kwenye oili, pampu inauvuta na kuupeleka kwanza kwenye beringi za krankishafti. Huko ndiko utaona mikwaruzo mirefu na chembe zilizojikita ndani ya madini laini ya beringi, huku sehemu ya juu ya silinda ikiwa bado nzima. Vumbi likiingia na hewa, safari yake ni nyingine. Linaanzia juu: linakula ringi ya kwanza ya pistoni, linakula ukuta wa silinda pale ringi inapogeukia, linasugua shina la vali ya kuingiza hewa. Ringi zikiisha, injini inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Lile vumbi, pamoja na unga wa chuma uliosagwa, linateremka taratibu mpaka kwenye oili. Oili inapungua, na iliyobaki inakwaruza. Siku moja beringi zinakosa cha kuzilainisha, na mashine inashika.

Fundi aliingiza kidole ndani ya njia ya hewa, baada ya chujio, mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu. Akakitoa kimejaa vumbi la Usangu, jekundu, limechanganyika na pumba laini. Akambandikia baba kidole kile karibu na macho. Hakusema "umekosea". Alisema, "Hii ni ya miezi, mzee. Si ya usiku mmoja." Kisha akainua lile bomba, akaukunja mpira mpaka mpasuko ukafunguka kama mdomo, na ule utepe wa tyubu ukaning'inia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka bila kusema.

Siku zile tisa, na nyingine nyingi zilizofuata, wanawake wa kijiji walirudi kwenye kinu na mchi. Nataka nilikazie jambo hili, kwa sababu ukisoma mashauri ya uharibifu wa mali utadhani hasara ni ya mwenye mali peke yake. Mashine ilikuwa ya baba kwa karatasi. Lakini kazi yake ilikuwa mgongoni mwa akina mama, na iliposimama ilirudi mgongoni mwao. Saa kumi alfajiri ungesikia michi inaanza nyumba hii, inajibiwa na ile. Wazee walisema ndivyo ilivyokuwa zamani. Wanawake hawakusema kitu, walitwanga.

Vita vinalijua hilo kuliko mahakama. Maji Maji ilianza Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Wamatumbi, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima: miche ya shambani, mali ya serikali ya kikoloni. Wajerumani walipojibu hawakuishia kwenye risasi. Walichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka mpaka huku kusini, Ungoni na kwingineko, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Sheria za vita zilizoandikwa The Hague zilishakataza kuharibu mali ya adui pasipo ulazima wa kijeshi, lakini waliochoma vihenge hawakudhani zinawahusu watu weusi. Ilibidi kusubiri mwaka 1977, kwenye Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ndipo ikaandikwa waziwazi kwamba chakula, mashamba, mifugo na maji ya raia havishambuliwi kwa lengo la kuwanyima riziki.

Katika vita vingine vya Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliyoanza 1914, kuna habari moja ninayoipenda sana na ambayo naomba mnivumilie niisimulie. Julai 1916, Wajerumani wakikimbia Kigoma, waliamua kuizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika isichukuliwe na adui. Mafundi waliopewa kazi ni walewale waliotoka nayo Papenburg ikiwa vipandevipande, wakaiunga Kigoma msumari kwa msumari. Walitii. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini yake grisi nene kila mahali. Meli ilikaa chini ya maji miaka mingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini ilikuwa inafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe, na ikabeba watu na dagaa mpaka Kasanga na Mpulungu kwa vizazi kadhaa.

Nimewahi kuifikiria sana grisi ile. Mtu ameagizwa aue chombo, naye anakiandaa kama anayemvika maiti sanda akiamini ataamka. Ukiwa na mashine ya kutengeneza mbele yako kila siku, unajua kwamba anayeielewa injini huona vigumu mno kuiumiza. Na Kaka aliielewa ile mashine kuliko mtu yeyote pale kijijini. Alikuwa anailaza kwa kuifunika gunia.

Baba alikwenda kituoni siku ya kumi na moja, peke yake, kwa baiskeli. Aliwaambia anaondoa malalamiko. Walirudi wakitembea, baiskeli katikati yao. Kaka alikuwa amekonda na jicho moja limevimba. Alinisalimia kwanza mimi, akanishika kichwa, halafu akamwamkia mama. Mama alimwekea maji ya kuoga na wali. Alikula kidogo. Baba alikaa kwenye kigoda nje, mgongo wake kwetu, na sikuwahi kumsikia akimwomba msamaha, ingawa inawezekana alimwomba njiani.

Asubuhi stoo ilikuwa tupu. Magunia yalikunjwa, yamepangwa. Baadaye tulisikia yuko Chunya kwenye dhahabu.

Baba aliuza ng'ombe mmoja. Akanunua ringi, beringi na mpira mpya wa hewa, na zilizobaki akazitia kwenye bahasha: mishahara ya miezi mitatu, na mingine miwili juu yake. Akanituma mimi nimpelekee mama yake Kaka, kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilimkuta anapepeta. "Kamwene," nikamwambia, akaitikia, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea bahasha kwa mikono miwili kama tunavyofunzwa. Hakuihesabu. Alinipa uji, akaniacha ninywe mpaka niumalize. Nilipoinuka kuondoka aliniwekea bahasha ileile mkononi, akaifunga mikono yangu juu yake.

"Mwambie baba yako," alisema, "mwanangu atakapokuja kuifuata mwenyewe, ampe."

Ipo mpaka leo, kwenye sanduku la mama. Noti zake hazitumiki tena.